Shingo ya Pia

Pia ndiye mwanamke wa kwanza mjini kwetu kucheza breki dansi. Alisimama kwa kichwa, akazunguka miguu ikiwa juu kama pia ya watoto, na jina likamganda. Vijana wote wanaocheza leo wamepitia mikononi mwake, au mikononi mwa wanafunzi wake.

Siku hizi ni fundi cherehani, na shingoni anavaa kola ngumu ya hospitali. Daktari alimwambia akizunguka tena, huenda asiinuke. Lakini binadamu hawaambiliki. Mteja akija kupima sketi, utamsikia: “Shangazi, tuzungushie hata mara moja tu!” Hata kwenye msiba wa mumewe, shemeji yake alimnong'oneza hayohayo.

Jumamosi yakafanyika mashindano yaliyopewa jina lake. Binti yake, mwandaaji, alimsihi aivue kola. “Mama, wafadhili wakikuona hivyo watakimbia.”

Akaivua. Ukumbi mzima ukamwita katikati. Akashika kipaza sauti, akasema, “Wanangu, shingo yangu imekwisha.”

Wakaangua kicheko, wakidhani ni utani wake. Muziki ukapandishwa, duara likambana, asione pa kupenya. Pia akapiga magoti taratibu, akaweka utosi sakafuni.

Binti yake alimrukia, akamkumbatia miguu yote miwili kabla haijainuka. “Zimeni muziki! Mama, unafanya nini?”

“Kazi uliyoniitia.”

Binti akalia palepale sakafuni, bila kuiachilia ile miguu. Waliowazunguka waliendelea kupiga makofi, wakidhani dansi ndiyo imeanza.