Kilo Sabini na Nne

Saa kumi na moja jioni king'ora cha kampuni ya nafaka kililia, na wanawake wa uchambuzi wakajikung'uta vumbi la mahindi na kupanga foleni mbele ya mizani ya getini. Kila mfanyakazi alipimwa mara mbili kwa siku, akiingia na akitoka. Aliyetoka amezidi nusu kilo alipekuliwa, na kilichozidi, kiwe cha mfukoni au cha ndani ya soksi, kilibaki pale pale, kwa kuwa ni mali ya kampuni. Hata wajawazito walikuwa na kiwango chao kwa wiki. Kampuni ilikuwa imefikiria kila kitu.

Mlinzi wa mizani alikuwa mzee mwembamba waliyempachika jina la Nukta, maana hakuwahi kutaja uzito wa mtu bila nukta yake. Daftari lake lilikuwa na safu mbili, Kuingia na Kutoka, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko hali yake ya maisha.

Mke wa Mrefu alipanda. Asubuhi alikuwa hamsini na nane nukta mbili.

"Mia moja thelathini na mbili nukta mbili," Nukta akasoma. "Shuka, mama. Panda tena."

Akapanda tena. Sindano ikarudi pale pale. Foleni ikaguna, kwa sababu kila mtu alikuwa na sufuria inayomsubiri nyumbani. Mpekuzi akampapasa kuanzia kitambaa cha kichwa hadi visigino, akapata kitana na ufunguo.

"Huyu hana mahindi," akasema. "Amebeba mtu."

"Ni mume wangu," mke wa Mrefu akajibu. "Yuko mgongoni tangu saa nane."

Nukta akatoa uzito wa asubuhi kwa kichwa, akapata sabini na nne nukta sifuri. Akafunua kurasa za wiki tatu nyuma. Mstari wa Mrefu ulikuwepo. Kuingia: 74.0. Kutoka: hapakuwa na kitu.

Siku ile, saa nane mchana, Mrefu alikuwa ameamriwa kuingia kihenge namba tatu, kile cha bati kilicho kirefu kuliko vyote, akayavunje kwa mtaimbo mahindi yaliyogandamana juu. Aliingia bila kamba, na huku chini mlango wa kushushia nafaka ulikuwa wazi, unamwaga na kuyavuta chini mahindi aliyoyakanyaga. Wenzake waliokuwa kwenye ngazi walisikia mtaimbo ukigonga bati mara mbili, kisha mara moja, kisha basi. Meneja alisema Mrefu ameruka ukuta na kumfuata mwanamke mji mwingine. Wenzake walikuwa na watoto shuleni, wakayameza waliyoyasikia. Kuyatoa mahindi yote ya kihenge kile ili atafutwe kungechukua siku tisa, na ulikuwa msimu wa kununua.

"Nataka kumzika, mzee," mke wa Mrefu alimwambia Nukta pale kwenye mizani. "Sina lingine. Hapo palipo wazi kwenye daftari pasiguswe. Ndiyo sehemu pekee inayosema bado yuko ndani."

"Hapataguswa," Nukta akasema.

Lakini sheria ni sheria, na kilichozidi hakitoki. Ikabidi mama akae kwenye benchi la getini, mgongo umepinda, mpaka karibu na magharibi sindano iliposhuka hadi hamsini na nane. Hapo akaenda zake peke yake. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Saa nane Mrefu alikuja, akamning'inia mabegani, pumzi yake yenye vumbi ikimpiga shingoni. Miguu ya mama ikavimba. Hakulalamika, kwani angalau kila jioni alimfikisha getini.

Watu walizoea. Waliopita karibu na benchi walimsalimia mama, kisha wakamsalimia na Mrefu. Fundi viatu alimletea mama kandambili pana. Wiki ya pili akaja mtangazaji wa redio ya mtaa, wa kipindi cha Watu Wetu, kinachotangulia matangazo ya mbuzi waliopotea.

"Mama, wenzako wanabebwa na waume zao, wewe umembeba wako," akasema huku akicheka. "Siri ya ndoa ni nini?"

"Yuko kihenge namba tatu," mama akasema. "Mwambieni meneja akifungue."

Kipindi kilikuwa cha dakika kumi na mbili, kwa hiyo jibu hilo lilikatwa na pakawekwa muziki. Meneja alipewa dakika tatu. Alisema pale kazini wote ni ndugu. Mwishoni simu zikafunguliwa, na muuza mkaa mmoja, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, akauliza, "Kama huyo bwana aliruka ukuta, mbona kila jioni anatafuta njia ya kutoka?"

Swali hilo lilimfika mkaguzi wa kazi, naye akatuma taarifa kwamba Jumatatu angekuja kuliona daftari.

Ijumaa, muda mfupi kabla ya saa nane, meneja alisimama kwenye kibanda cha Nukta. Hakukaa.

"Mzee, hapa ulisahau kuandika."

"Sijawahi kusahau, bosi."

"Umebakiza miezi mingapi ustaafu?"

"Minne."

Meneja akamwekea kalamu juu ya daftari, akamsubiri kwa upole. Nukta aliiangalia ile nafasi, akaona aibu, akaona pia chumba chake kimoja na mkewe mgonjwa. Kisha akaandika 74.0. Ilikuwa nukta pekee maishani mwake iliyotoka vibaya.

Saa nane ilifika, mgongo wa mama ukabaki mtupu. Jioni alipanda mizani, ikasoma hamsini na nane nukta mbili. Akashuka, akapanda tena.

"Yuko wapi?"

"Alishatoka, mama," Nukta akasema bila kuinua macho. "Imeandikwa."

Mama alikwenda nyumbani mbio, na zile kandambili pana zikipiga chini. Kiti cha Mrefu kilikuwa kama alivyokiacha. Aliacha mlango wazi siku mbili nzima, na hakuna aliyeingia isipokuwa kuku wa jirani.

Jumatatu mkaguzi alikuta kila mstari umejaa, akausifu mwandiko. Malori yakaleta shehena mpya, ikamwagwa ndani ya kihenge namba tatu mpaka mdomoni. Kipindi cha Watu Wetu kikatangaza kwamba mama yule amepona mgongo, kikampongeza, kikaenda kwenye mbuzi.

Asubuhi ya Jumanne mke wa Mrefu alisimama mbele ya mizani, hakupanda.

"Mzee, niambie wewe uliyeandika. Alitoka akaenda wapi?"

Nukta alilitazama daftari, safu ya kushoto, kisha ya kulia.

"Hakuna safu ya hilo, mama."

Nyuma ya mama foleni ilikuwa imefika barabarani. Akapanda.

"Hamsini na saba nukta tatu," Nukta akasoma, akaandika. Alikuwa amepungua, na kupungua hakukuwa kosa.