Siku Mablanketi Waliposhuka Daraja

Mtaani walimwita Bi Harusi, na jina hilo lilikuwa utani mtupu, maana yeye mwenyewe hakuwa ameolewa. Ila hakukuwa na harusi iliyofanyika mjini pale bila yeye kuwapo, kamera begani, akiwaomba maharusi wageukie mwanga kidogo na mama mkwe aache kutafuna. Kazi aliijua vizuri. Lakini kazi nayo huchosha, na mwaka ule alianza kuona kila keki inafanana na ya wiki iliyopita. Akatamani kutengeneza filamu yake mwenyewe, isiyo na shela wala maua, ambayo hakuna bwana harusi atakayempigia simu kulalamika kwamba kitambi chake kimeonekana.

Wazo alilipata nyumbani. Shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo, alikuwa fundi cherehani na kiongozi wa mashabiki wa timu ya mji. Timu hiyo ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha mablanketi. Kiwanda kikafungwa, timu ikabaki, na jina likabaki nayo: Mablanketi. Watani wao walikuwa na maneno tayari kila Jumamosi, mara Mablanketi wamelala, mara leo watafuliwa na kuanikwa. Na kweli walifuliwa. Tangu Bi Harusi azaliwe hawakuwahi kutwaa kikombe, hata cha chai.

Hata hivyo Shangazi hakukosa mechi. Utotoni Bi Harusi aliichukia timu ile kama mtoto anavyomchukia mgeni asiyeaga, kwa sababu Jumamosi zote za shangazi yake zilikwenda huko. Sasa alikuwa mtu mzima na alitaka kuelewa. Mtu anawezaje kuwapa moyo wake watu ambao kila wiki wanaurudisha umepasuka, na wiki inayofuata akawapelekea tena?

Alimshirikisha binamu yake, fundi redio aliyeitwa Masikio, kwa sababu zilizoonekana tangu mbali. Masikio akakubali kabla hajamaliza kuelezwa. Hawakuwa na mfadhili wala ofisi. Walikutania karakana kwake, katikati ya spika zilizotoboka, na maiki yao waliifunga kwenye mpini wa ufagio. Wakala kiapo kimoja: mpiga picha hana timu. Watasimama kando, watatazama, hawatashangilia.

Shangazi naye alikuwa na sharti lake. Walipomweleza nia yao aliendelea kukunja pindo la sketi ya mteja, pini mdomoni, kisha akazitoa pini moja moja.

"Nipigeni nikicheka, nikiimba, hata nikigombana na refa," alisema. "Nikilia, geuzeni mtambo wenu pembeni. Machozi yangu si ya maonyesho."

Msimu ulianza vibaya na ukaendelea vivyo hivyo. Bi Harusi alipiga picha kila alichokiona. Alimpiga Kinyozi, jirani yao, aliyeapa kwamba hatagusa ndevu zake mpaka Mablanketi washinde mechi mbili mfululizo. Katikati ya msimu ndevu zilikuwa zimefika kwenye kifungo cha shati, na wateja walianza kumtilia shaka mkasi wake. Alimpiga mlinzi mstaafu wa kiwanda, mzee ambaye macho yalishafifia, aliyekuja uwanjani na buti zake za kazi na kusimuliwa mchezo na yeyote aliyesimama karibu naye. Alizinasa nyimbo. Wimbo wa ushindi uliimbwa mara chache mno, hata nusu ya jukwaa walishasahau ubeti wa pili, wakawa wanauvumisha tu kwa pua.

Jambo lililomshangaza ni kicheko. Alikuja kutafuta huzuni na huzuni ilikuwapo, lakini ilikuwa imekaa katikati ya vichekesho kama mgeni aliyebanwa kwenye benchi. Jukwaa lile lilicheka kuliko harusi yoyote aliyowahi kuhudhuria. Siku timu ilipofungwa mabao sita, Kinyozi alisema angalau golikipa amefanya mazoezi ya kuinama, na Shangazi alicheka mpaka akamshika mlinzi bega asianguke.

Ikafika mechi ya mwisho. Mablanketi walitakiwa kushinda, vinginevyo wanashuka daraja. Mji mzima ulifunga maduka. Bi Harusi alisimama chini kabisa ya jukwaa, mbele ya ngazi ya kwanza, Masikio pembeni yake na ufagio wake hewani. Mchezo ulikuwa bao moja kwa moja, na dakika zilikuwa zinayeyuka, pale beki wa wageni aliposhika mpira kwenye eneo la hatari. Refa akaonyesha penati.

Mpira aliuchukua Nahodha, ambaye siku za kazi alikuwa fundi bomba. Hakuwahi kukosa penati msimu mzima. Akauweka, akarudi nyuma, akavuta pumzi. Jukwaa lilinyamaza.

Mpira uligonga mwamba. Ulitoa sauti ndogo, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Muda mfupi baadaye refa akapuliza filimbi ya mwisho, na Mablanketi wakawa wameshuka.

Bi Harusi alipozinduka aligundua kwamba kamera haikuwa jichoni. Ilikuwa inaning'inia kiunoni kwa mkanda wake. Mikono yote miwili alikuwa ameiweka kichwani.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na Shangazi. Shangazi alilia njia nzima, wazi, bila kujipangusa, na Bi Harusi alikuwa ameshazima kamera. Walipofika, Shangazi alinawa uso, akaketi kwenye cherehani na kuanza kuziba bendera iliyochanwa na upepo. Bi Harusi alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia. Akamuuliza kwa nini asiwaache tu, kwani wamempa nini miaka yote hii.

Shangazi hakusimamisha cherehani. "Wewe ulipofeli mtihani wa mwisho," alisema, "mimi nilihama nyumba?"

Bi Harusi alisogeza kiti, akashika upande wa pili wa bendera ili usikunjamane, wakashona hivyo mpaka kitambaa kikaisha.

Kesho yake alikwenda karakana akiwa amevunjika moyo kwa sababu nyingine. Alimweleza Masikio kwamba filamu imekufa. Walikuwa wamefuata msimu mzima kwa ajili ya dakika moja, na dakika hiyo hawana. Masikio alivaa vipokea sauti masikioni, akasikiliza, kisha akaanza kutabasamu, na hatimaye akafungulia spika.

Kwanza kulikuwa na ukimya wa watu wengi. Halafu sauti moja ya kike, kali kama king'ora, ikimwambia Nahodha apige kushoto, kushoto, kwa hisani yake kushoto.

"Nani huyu anayetuharibia kazi?" Masikio aliuliza.

Bi Harusi alisema ni yule mama anayeuza maji. Masikio akarudisha nyuma, akaongeza sauti, na safari hii likasikika neno lililofuata baada ya mwamba kulia. Sauti ileile, sasa ndogo kama ya mtoto, ilisema: "Shangazi, nishike."

Bi Harusi alifunika uso. Alicheka na kulia kwa pamoja, na Masikio, ambaye alikuwa ndugu mwema, akajifanya anatafuta bisibisi chini ya meza.

Ndipo wakatazama picha yenyewe. Kamera iliyoning'inia ilikuwa imegeukia jukwaani, na kwa vile yeye alisimama chini, iliona miguu tu. Safu baada ya safu za miguu: ndala za Kinyozi, viatu vyeusi vya Shangazi vilivyogundishwa soli, raba, makubazi, mguu mmoja wenye bandeji. Kwa pamoja visigino vyote viliinuka. Jukwaa zima lilisimama juu ya vidole, likabaki hapo. Halafu visigino vikaanza kushuka, kimoja hapa, viwili kule, polepole, kama watu wanaotua mizigo. Buti za mlinzi peke yake zilibaki zimeinuka. Hakuwa ameona. Alikuwa anasubiri kuambiwa. Kiatu cheusi kikasogea karibu naye, na baada ya kitambo buti nazo zikashuka.

Masikio alisema hawahitaji penati.

Filamu waliionyesha alasiri ya Jumapili kwenye ukumbi wa shule. Madirisha waliyaziba kwa mablanketi ambayo kila mtu alileta kutoka kwake, na pazia jeupe alishona Shangazi. Watu walijaa mpaka mlangoni. Walicheka toka mwanzo, hasa ndevu za Kinyozi zilipokuwa zinakua mbele ya macho yao. Miguu ilipotokea ukumbi ulitulia kidogo, kisha mtu akatambua ndala, mwingine akatambua raba zake, na watu wakaanza kuonyeshana vidole. Sauti ya king'ora iliposikika vichwa vyote viligeuka nyuma kumtafuta Bi Harusi, naye akajaribu kujificha nyuma ya binamu yake. Shangazi aliinuka kitini, akawatangazia kwamba huyo ni mtoto wake, na kwamba kushoto kweli ndiko alikopaswa kupiga. Ukumbi ulivunjika kwa kicheko.

Taa zilipowashwa waliona kwamba Nahodha alikuwa amesimama mlangoni. Tangu siku ile hakuwa ameonekana mtaani. Hata mabomba alikuwa akiyatengeneza alfajiri ili asikutane na watu. Vicheko vilipungua. Yeye akamtazama Bi Harusi, akaomba kwa adabu kama inawezekana kurudiwa sehemu ile ya miguu. Alieleza kwamba siku ile alikuwa amewapa mgongo. Hakujua.

Kinyozi akampisha kiti. Masikio akarudisha. Visigino vikaanza kuinuka pale kwenye pazia, na Bi Harusi, aliyekuwa pembeni, akaona jambo ambalo kamera yake safari hii haikulipata. Kila mtu ukumbini, huku akijua fika mpira unakwenda wapi, alikuwa ameinuka juu ya vidole vya miguu. Nahodha naye alikuwa amesimama kati ya Shangazi na mlinzi, mkono wa kila mmoja begani kwake, machozi yanamtoka na meno yote nje.

Waliirudia mara nyingine tena, kisha wakajazana njiani kati ya viti wakibishana nani acheze winga ya kulia msimu ujao huko daraja la chini. Bi Harusi alitoa hoja yake. Alipingwa na watu wanne kwa mpigo, naye hakukubali kushindwa.