Ng'ombe Arobaini za Shangazi Qabale

Chuo kilinifukuza nikiwa mwaka wa tatu wa hesabu, juu ya mzaha wa mbuzi ndani ya maktaba. Nikarudi Isiolo na kitu kimoja tu kichwani: hesabu ya vile wanyama huzaana na kufa. Kuna namba fulani. Kundi likiwa juu yake, hata ukame ukipiga litainuka tena. Likiwa chini, linaisha tu.

1984 mvua ikakataa. Shangazi Qabale akaniita Sericho. Auze ng'ombe zikiwa bado zinatembea, ama angoje mvua?

"Uko na ngapi?"

"We! Ng'ombe hai hazihesabiwi. Unataka zife?"

"Basi nitajie moja moja."

Akafumba macho. Ile nyekundu. Ile ya pembe moja. Ile ilizaliwa siku ya arusi ya Chachu. Kila akitaja, naficha kokoto chini ya mguu. Arobaini. Namba yangu ilikuwa ishirini na tano.

"Ngoja mvua, shangazi. Usiuze."

Wiki mbili baadaye nikaenda naye kisimani. Zikaja kunywa kumi na nne.

"Na zingine?"

"Nimepatia watu wakamue. Kwa Jillo, kwa Khadijo, zingine huko mbali. Si ni zangu bado?"

Kumi na nne, chini ya ishirini na tano. Mimi nilipigia hesabu kundi moja, linalala boma moja.

"Shangazi, nimekosea. Uza hizi leo. Yule mchuuzi Nanok anapeleka ng'ombe sokoni Isiolo kesho."

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwaka jana uliniambia serikali inanunua punda. Nikatembea mpaka Isiolo na punda wawili!"

"Hii si mzaha. Wallahi."

"Hata ile ya punda uliapa wallahi."

Nikalia mbele yake.

"Ai! Siku hizi umejua mpaka kulia," akasema, akawaita wenzake waje waone.

Nanok akaenda bila ng'ombe za shangazi.

Mvua ilikuja Aprili ya mwaka uliofuata. Nilifika na lori la unga. Ngozi zilikuwa zimerundikwa kando ya boma, hata za kwa Jillo na Khadijo zimeletwa. Shangazi akazinyooshea kidole.

"Hesabu," akasema. "Sasa unaweza. Kwa sauti."

Nikahesabu. Kwa thelathini na nane, ngozi zikaisha.

"Endelea. Mbili fisi alikula na ngozi zake."

"Thelathini na tisa," nikasema. "Arobaini."