Bushi za Mbele

Nilimwambia fundi mara mbili: tengeneza rejeta, basi. Gari letu lina miaka ishirini na mbili. Ukilisikiliza kila linapolalamika, utauza mpaka kitanda. Bei ya hiyo rejeta peke yake ilinitoa jasho.

Nilipokwenda kulichukua, fundi alikuwa anafuta grisi mikononi, uso umemchanua.

“Rejeta tayari, shemeji. Na bushi za mbele nimekubadilishia bure. Marehemu alikuwa rafiki yangu.”

“Nani alikutuma?”

Uso ukamsinyaa. “Shemeji, raba za hizo bushi zilikuwa zimekwisha kabisa. Kila tuta, ko-ko-ko!”

“Najua zilivyokuwa zinagonga!”

Miaka sita mume wangu aliahidi kuzibadilisha. Nilimsema mpaka nikachoka. Lakini kila jioni, nikisikia ko-ko-ko kwenye tuta la pale kona, nilibandika chai. Akifika mlangoni, maji yameanza kuchemka. Hata baada ya mazishi, mwanangu akilirudisha gari, mkono wangu ulikwenda kwenye birika wenyewe.

Fundi angejuaje? Nilimshukuru kwa shingo upande, nikawasha gari.

Kwenye tuta la kona nilipanda polepole. Kimya. Nikarudi nyuma, nikalipanda tena kwa hasira mpaka kichwa kikagonga paa. Kimya. Gari limetulia kama jipya.

Nikarudi nyuma mara ya tatu. Safari hii nilishusha vioo vyote kwanza.