Mama Nukta na Kurasa Bubu

Kiwandani kwa wapiga chapa walimwita Mama Nukta, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, na jicho lake halikusamehe hata mkato. Watani wake walidai kwamba hata barua ya posa aliirudisha kwa mwenyewe ikiwa na alama nyekundu. Basi binti yake wa pekee, aliyekuwa nchi ya mbali mwaka wa nne sasa akifanya kazi ya kuchora, alipomtumia kitabu chake cha kwanza cha katuni, Mama Nukta alishika kalamu akakimaliza kabla chai haijapoa. Kisha akapiga simu.

"Hongera mwanangu. Nimekuta makosa machache tu."

Binti akauliza, "Lakini mama, umekiona?"

"Nimekisoma chote. Ila kifupi! Halafu kurasa za katikati wamesahau kuweka maneno. Waambie."

"Sawa, mama," binti alisema taratibu, akaaga.

Tangu siku hiyo simu zikawa za salamu tu: mzima, mzima, haya kwaheri. Mama Nukta alijua ameharibu, ila hakujua wapi, na kwa mtu wa kazi yake hilo ni donda. Alimtamani mwanawe. Alitamani hata ule ugomvi wao wa asubuhi wa kugombea bafu. Kila alipomwuliza anakuja lini alijibiwa "tutaona", naye akajiaminisha kwamba mtoto kanogewa huko, mama kasahauliwa.

Jumapili akaja wifi yake, shangazi wa binti, fundi wa mapazia na mpenzi wa katuni tangu utoto. Alikifungua kitabu akafunua kurasa moja moja, kisha akafuta macho.

"Unalilia nini wewe?"

"Wifi, hiki umekisoma kama unameza dawa! Hebu kaa. Funika maneno kwa kiganja. Anza kisanduku cha picha cha juu kushoto, nenda kulia, ndipo ushuke. Usikimbie. Na kati ya kisanduku na kisanduku kuna jambo limetokea. Hilo hukuandikiwa, unalijaza mwenyewe."

"Nikikosea je?"

"Kwani nani atakusahihisha?"

Mama Nukta akakubali shingo upande. Wifi akaenda jikoni kuchemsha chai.

Kwenye zile kurasa bubu akakaza macho. Mwanamke, ametugeuzia mgongo, anapakua chakula sahani mbili. Anakaa. Kisanduku cha pili, mwanga wa dirishani umepanda ukutani. Cha tatu, taa imewashwa. Kisha mwanamke anaosha sahani moja, na ya pili, iliyojaa bado, anaifunika.

Akakisogeza kitabu karibu. Amenichora mimi, aliwaza, lakini kajuaje? Maana ndivyo alivyofanya jioni nyingi tangu mtoto aondoke: alipakua za wawili bila kujua, na hakuwahi kumwambia mtu. Aliona aibu.

Akarudi kisanduku cha kwanza, pole pole, kama alivyoagizwa. Dirisha lile halikuwa la nyumbani kwake. Na mwanamke alishika upawa kwa mkono wa kushoto. Katika familia yao mwenye mashoto alikuwa mmoja tu, binti yake.

"Kumbe!" alisema, akaangua kilio mpaka wifi akaja mbio na kijiko mkononi. Hakumweleza kitu. Alitafuta simu.

"Nimekiona," Mama Nukta alisema mara binti alipopokea. "Ile sahani ya pili ni ya nani?"

Binti akaanza kulia kwa kwikwi. "Ni yako, mama."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Ningesemaje? Kila ukipiga unaniuliza nakuja lini, na mimi nauli sina, kibali cha kutoka na kurudi sina. Nikaona bora nichore."

Wifi alikuwa ameinama, sikio karibu na simu, bila haya. Mama Nukta hakumfukuza.

"Basi sikuulizi tena," alisema. "Si umenipakulia? Nakuja mimi."