Kebo Iliyokosa Mdhamini

Jana, usingizi uliponichukua, nikaota kebo ya mjukuu wangu imekamatwa.

Niseme kwanza mambo yalivyokuwa nikiwa macho. Mjukuu wangu Nakiete anasomea elektroniki chuoni. Alhamisi hii anatakiwa awaonyeshe walimu kifaa chake cha kuhesabu zamu za maji ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia hapa Upareni. Asipokionyesha, anarudia mwaka. Kifaa chenyewe ni bodi ya kijani aliyoachiwa na mwalimu wake mstaafu. Katikati ina chipu isiyojua kazi yoyote mpaka kompyuta iifundishe, na mafunzo hupita kwenye kebo. Siku tatu kompyuta imekuwa ikisema neno moja tu: kebo haitambuliki. Nami nilikwisha toa hukumu yangu. "Haina hata jina la kiwanda," nilimwambia. "Hiyo feki, mama." Nikaenda kulala.

Basi naitwa ofisi ya mtaa. Nafika na kanga ya jikoni, na hakuna anayeshangaa. Kebo iko kwenye benchi, imefungwa fundo. Ncha yake moja ina safu ya miguu midogo, imeibana pamoja kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, Bibi," ikasema.

"Marahaba," nikajibu, ila nikauvuta mkoba wangu karibu. Kitu chenye adabu nyingi mapema hivi nakitilia shaka.

Nyuma ya meza yuko afisa kijana. Kibao cha jina lake kimeandikwa: TOLEO LA ISHIRINI NA NNE. Viatu vyake bado vina kibandiko cha dukani.

"Huyu anadai anapeleka mafunzo kwa bodi," akasema, "lakini simtambui. Sheria inasema asiyetambuliwa akatwe vipande vya sentimita tano tano, labda apate mdhamini. Bibi, unamfahamu?"

"Namfahamu kwa sura."

"Sura haina muhuri."

"Muulize katoka wapi."

Kebo ikasema imetoka Arusha, na kabla ya Arusha haikumbuki. Ilikuwa gizani ndani ya boksi na wenzake arobaini. "Tulikuwa tunashikana," ikasema.

Mkasi uliokuwa mezani ukapiga miayo. "Mimi sina neno na mtu," ukasema. "Saa nane kamili nakata."

"Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa nane kasoro."

"Kasoro ngapi?"

"Kasoro."

Hapo benchi likawa foleni ya zahanati. Ofisi ni ile ile, afisa ni yule yule, ila sasa anapima presha. Akatafuta mkono wa kebo, akaukosa, akaandika: Mgonjwa hayupo.

"Nipo," ikasema kebo.

"Hupo. Nimeshaandika."

Ndipo nikaiona bodi ya Nakiete. Ilikuwa imekaa juu ya kebo. Na kebo, pamoja na lile fundo, ilikuwa imejiviringisha chini yake kama kata ya kubebea mtungi kichwani, ili bodi isikae kwenye benchi la baridi. Hakuna aliyeiagiza. Nikaona haya kidogo, ingawa shaka haikuniisha; hata mwizi humtandikia mwenzake.

"Na huyu?" nikamwuliza afisa. "Huyu unamjua?"

Akafunua daftari. "Hayupo."

"Ana jina la kiwanda mgongoni. Lisome."

Akalisoma. Ni kiwanda kile kile kilichomwajiri yeye. "Hayupo," akasema tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Bodi, wewe umezaliwa lini?"

"Kabla yake, Bibi," ikasema bodi. "Asubuhi nilimwambia sisi ni ndugu. Akaniuliza kama nimepotea."

Nikalivuta daftari. Afisa akasema hairuhusiwi. Nikamwambia, mwanangu, mimi nimelea watoto saba, madaftari yaliyofichwa nayajua. Kumbe linaanzia ukurasa wa mia mbili! Kurasa za mwanzo zimechanwa, na vishina vya karatasi bado vimeng'ang'ania uzi.

"Hizi nyingine ziko wapi?"

"Lilikuwa zito. Wazee walikuwa wanalijaza."

"Wazee wangapi?"

"Sikuwahesabu, Bibi. Nilikuwa na haraka."

Siku tatu nzima namshuku mgeni, kumbe bawabu ndiye asiyewajua watu wa nyumba.

"Kabla yako alikuwepo nani hapa?"

"Toleo la Kumi na Nne. Amestaafu. Usimfuate, ana hasira za karibu na mambo ya kisasa hayajui."

Mkasi ukasema, "Kasoro inapungua."

Nikafungua mlango wa zahanati, nikatokea kwenye ukingo wa ndiva. Mzee Kumi na Nne yumo majini hadi kiunoni, anapalilia maharage yaliyoota chini ya maji.

"Umekuja kuniambia nimepitwa na wakati?" akauliza bila kugeuka. "Mwenzio alikuja juzi. Yeye angalau alileta keki."

"Nimekuja kuomba, mzee mwenzangu. Kuna kebo inakatwa, bodi itabaki bubu, na mjukuu wangu ataangushwa mwaka mzima. Na mimi nina kosa langu. Niliiita feki kabla ya kuiuliza."

Jembe likasimama. "Bodi ya kijani? Ina kovu kwenye kona ya kushoto?"

"Ndiyo hiyo."

"Nilimfundisha kuhesabu mimi." Akafuta mikono kwenye shati. "Yuko hai?"

"Yuko hai. Ila hakuna anayeitikia salamu yake."

Akatoka majini polepole. "Niazime miwani. Yangu ilibaki ofisini. Hiyo kebo sitaiuliza ukoo. Sisi zamani tulitazama kama miguu inaingia na ujumbe unafika, basi."

Nikasita. Miwani ninayo moja tu, na mtu anayepalilia ndani ya maji si wa kumwamini harakaharaka. Lakini alikuwa ameuliza kama bodi yu hai kabla ya kuuliza lolote jingine. Nikampa.

"Nitaipataje?"

"Nitaiacha pale nitakapofanyia kazi."

Akapita mlangoni. Nikasikia mkasi ukifungua mdomo, nami nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Nikapapasa kando ya mto, miwani haipo. Sebuleni, Nakiete alikuwa mbele ya kompyuta, nywele hajachana, na bodi ilikuwa inawasha vitaa vyake kimoja kimoja, inahesabu.

"Bibi! Nimeondoa ile programu mpya, toleo la ishirini na nne, nikaweka ya zamani, toleo la kumi na nne. Kebo imetambuliwa hapo hapo! Ni ile ile uliyoiita feki!"

"Samahani," nikasema.

"Mimi wala sijakasirika."

"Sijakuambia wewe."

Nakiete akacheka mpaka akashika meza. Kisha akanyanyua kitu kutoka juu ya kompyuta, akanipa kwa mikono miwili. "Na miwani yako, mbona umeiacha huku? Nimeikuta imelowa."

Nikaigeuza kwenye mwanga. Kwenye kioo cha kushoto lilikuwa limenata jani changa la haragwe.