Mapigo Sabini na Mawili

Siku ya nne baada ya mazishi, simu ya Bi Kengele ilitoa ule mlio mkali uliompa jina lake kazini. Alikuwa mezani, katika chumba ambamo mafundi wanne hukodolea macho skrini kutwa, wakifuatilia majokofu ya chanjo na wagonjwa walioko majumbani kwao. Akaitazama. *Mama. Mapigo ya moyo 118.* Akabonyeza "Nimepokea" kama alivyozoea, akarudi kwenye jokofu la zahanati moja lililokuwa likipanda joto. Zilipita dakika tatu nzima ndipo akakumbuka kwamba mama yake yuko kaburini.

Hakushtuka. Tangu Alhamisi hakuna kilichomshtua. Mazishini hakutoa hata chozi, na majirani, ambao midomo yao haijui likizo, walishasema mtoto wa pekee ana moyo wa jiwe. Yeye alijiona amekufa ganzi tu, basi.

Bangili ile ya kupima mapigo alimvisha mama kwa mkono wake mwenyewe, miezi mitatu nyuma. Mwezi wa kwanza ilipiga kelele kila mama alipopanda ngazi, na kila ilipolia Bi Kengele aliacha kazi akakimbilia nyumbani. Mkuu wake akampa barua ya onyo, kisha ya pili. Halafu, kama mchezo, mapigo yakatulia. Sabini na mbili, sabini na nne. Akawa anawaonyesha wenzake, akijisifu kwamba dawa zimemkubali mama.

Alhamisi ile, saa tisa alasiri, mama alimpigia simu. Bi Kengele akatupia jicho skrini: 72. "Mzima huyo, anataka tu kuniuliza kama nimekula," akasema, akaiacha iite mpaka ikakatika. Saa kumi na moja mama alikutwa sakafuni, ameshakata roho. Kengele haikulia. Akailaumu betri, na hakutaka kuitazama tena ile namba.

Sasa aliomba ruhusa, akaenda nyumbani. Mama yake mdogo, aliyekuwa akiishi na marehemu, alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo za dada yake, macho yamevimba. Joto lote lile, amevaa mikono mirefu.

"Mama mdogo, naomba mkono wako."

Akautoa polepole. Bangili ilikuwapo.

"Tangu lini?"

"Tangu barua ya pili. Dada alisema utafukuzwa kazi kwa ajili yake. Akaniambia, 'Moyo wako trekta, mdogo wangu, vaa wewe.' Tukacheka, mwanangu. Tulicheka sana siku ile."

Marehemu huyohuyo ndiye aliyekuwa akiwasuta mtaa mzima: mficha maradhi, kilio humfichua.

"Na Alhamisi?"

"Nilikwenda dukani kununua sabuni. Nilikuta foleni." Akaigusa bangili. "Nilikuwa nayo mkononi."

Bi Kengele alisubiri hasira ije. Haikuja. Kilichokuja ni hesabu: saa tisa, dukani, foleni, sabini na mbili.

"Mbona hukuivua baada ya hapo?"

"Nikiivua simu yako italia. Ningekwambia nini?"

"Ivue sasa."

"Italia, mwanangu."

"Ivue tu."

Mama mdogo akaifungua, akaiweka juu ya kanga zilizokunjwa. Sekunde thelathini, ndivyo mtambo ulivyopangwa, na aliyeupanga ni Bi Kengele mwenyewe. Kisha simu ikapiga ule mlio. *Mama. Hakuna mapigo.*

Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye "Nimepokea", kikasimama hapo. Simu ikaendelea kulia. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza sikioni.

"Abee, mama," akasema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.